Moshi wa Sambrani Mbele ya Vyerehani

Nilipokuwa mwanafunzi mjini Mysuru, kusini mwa India, nilipanga chumba ghorofani kwa fundi cherehani mmoja, naye akanialika kushuhudia Ayudha Puja, ibada inayofanywa mbele ya zana za kazi katika siku ya tisa ya Dasara, sikukuu ya Wahindu. Vyerehani, mikasi na hata pikipiki yake vilikuwa vimesafishwa, vikapakwa sandali na kumkum, ule unga mwekundu, kisha vikavishwa maua.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa katika nyumba ambamo ubani hufukizwa kwenye maulidi na nguo hutiwa moshi wa udi, kwa hiyo harufu yenyewe haikunishangaza. Kilichonishangaza ni adabu zake. Mjukuu wa fundi alipowasha vijiti vya udi na kutaka kuuzima mwali kwa kupuliza, bibi yake, ambaye sote tulimwita Ajji, alimshika mkono upesi, akaupepea mwali kwa kiganja hadi ukazimika. Alinieleza, mwanawe akinifasiria, kwamba pumzi ya kinywani huufanya udi uwe kama masazo, na masazo hayapelekwi kwa mungu. Kwa sababu iyo hiyo maua ya ibada hayanuswi kabla ya kutolewa. Kwetu ubani humstarehesha mgeni aliyeketi; pale wa kwanza kupewa harufu alikuwa mungu wa kike Chamundeshwari, ambaye picha yake ilitundikwa juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Fundi alishika kengele kwa mkono wa kushoto na vijiti kwa mkono wa kulia, akavizungusha polepole mbele ya picha, kisha mbele ya kila cherehani. Udi ulitangulia, taa ya samli ikafuata, na chakula kikatolewa baada ya taa: dhupa, dipa, naivedya. Wahindu wengi huihusisha dhupa na hewa, na dipa na moto.

Baadaye Ajji alinyunyiza sambrani, aina ya ubani, juu ya makaa, akazunguka na chetezo katika kila pembe. Nakiri kwamba niliipenda sambrani kuliko vile vijiti, ambavyo manukato yake yalikuwa mazito mno. Akanisogezea chetezo nifukize nywele, kwa kuwa moshi ulikwisha kutolewa na sasa ulikuwa wetu sote. Mteja aliyefika kuulizia blauzi yake aliambiwa arudi kesho, maana siku hiyo cherehani haishonewi, naye akaondoka na ndizi mbili za sadaka bila kunung'unika.