Kitabu cha Mwalimu kutoka Uvira

Oktoba 1996, vita ilipofika Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, boti zilishusha watu Kibirizi, kwetu Kigoma, usiku na mchana. Walishuka na magodoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu. Mwalimu alishuka na mke wake, watoto watatu na begi la ngozi lililolowa upande mmoja. Mkewe alikuwa ndugu wa jirani yetu pale Mwanga, mama wa Kibembe aliyeuza mawese, kwa hiyo wakafikia kwake wiki chache kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu.

Ndani ya begi kulikuwa na vyeti, Biblia na kitabu kipana chenye jalada gumu, kimejaa picha za rangi. Mtoto wake wa kati, rika langu, ndiye aliyenionyesha. Maji ya ziwa yalikuwa yamegandanisha kurasa, tukakaa chini ya mwembe tukizibandua mojamoja kwa wembe wa Baba. Tulikuwa na miaka kumi.

Katuni hazikuwa ngeni kwangu. Baba alikuwa fundi wa reli, na treni ilituletea SANI, gazeti la katuni, kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, mara nyingi ikiwa imeshasomwa na behewa zima na jalada halipo. Niliwajua wahusika wake, Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, kama ninavyowajua watu wa mtaani. Lodi Lofa ni lofa kweli, lakini akifungua mdomo anaongea Kiswahili cha mtu anayejua anachotaka. Hilo sikuwahi kulifikiria mpaka nilipokutana na kitabu cha Mwalimu.

Kilikuwa cha Kifaransa, sikuelewa hata neno moja, nikawa nafuata picha tu. Kijana wa Kizungu mwenye kishungi cha nywele mbele, pamoja na mbwa mweupe, wanazunguka Kongo kwa gari. Gari linaingia kwenye reli, treni inalivaa, na treni ndiyo inayoanguka! Gari halina hata mkwaruzo. Nilicheka. Abiria walikuwa weusi kama masizi, midomo imevimba, wote sura moja. Nikacheka hao pia. Naona uchungu kuliandika hili, kwa sababu milima ya nchi yao niliiona kila siku hewa ilipokuwa safi, ng'ambo ya ziwa, na mwenzangu niliyekuwa nabandua naye kurasa alikuwa ametoka huko siku tisa tu zilizopita. Yeye hakucheka.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu.

“Unacheka nini, mutoto?”

Nikamwonyesha kwa kidole. Hakuninyang'anya kitabu wala hakunigombeza. Alikitazama kitambo, akasema, “Ngojeni mangaribi. Nitabasomea.”

Jioni watoto kama wanane tulijazana barazani, kandili katikati. Baba naye alisogeza kiti. Mwalimu alishika kitabu picha zikitutazama sisi, kama afanyavyo mwalimu wa darasa la kwanza, akawa anasoma kwa kuchungulia kutoka juu. Nilishangaa jinsi Kifaransa kile kilivyogeuka kuwa maneno matamu mdomoni mwake. Watu waliochorwa vibaya namna ile walikuwa wanaongea kama wazee wa baraza, wanataniana na kuulizana habari za nyumbani.

Kuna ukurasa wa shule. Kijana yule amesimama mbele ya watoto, anauliza mbili jumlisha mbili. Mwalimu akanyamaza, akatutazama.

“Nne!” tukapiga kelele.

“Ndiyo. Batoto bote bakajibu, nne.” Akafunua ukurasa.

Tulipofika kwenye treni, Baba aliomba kandili, akaisogeza karibu. Alikagua ile injini kama anavyokagua kazini, akianzia magurudumu.

“Mwalimu, injini haiangushwi na kigari kama hiki. Aliyechora hajawahi kusimama karibu na injini.”

“Wala Kongo hakufika, ndugu yangu. Mubelgiji huyu alichora akiwa kwao.”

Kisha akasoma. Dereva wa treni alimwambia yule kijana, wewe umekatiza reli bila kutazama kushoto wala kulia, shuka chini. Abiria mmoja, aliyevaa tai na kofia, akajitambulisha kuwa karani wa stesheni. Akasema, kijana, taja jina lako, jina la gari, na nani atalipa. Baba alicheka mpaka akapiga paja. “Lazima ripoti iandikwe,” alisema. “Hata ng'ombe akigongwa, ripoti inaandikwa.”

Wiki mbili baadaye lori liliwachukua. Begi la ngozi lilikuwa mapajani kwa mwenzangu. Sikuwaona tena.

Februari 2012 nilisikia redioni kwamba mahakama ya Brussels imelikataa ombi la Mkongo mmoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, aliyetaka kitabu kimoja cha katuni kipigwe marufuku kwa ubaguzi. Wakati huo nilikuwa nasafirisha mizigo Bujumbura, na Kifaransa nilikuwa nimekiokota huko bandarini. Waliposema ni Tintin nchini Kongo, kilichoanza kuchorwa na Mbelgiji Hergé mwaka 1930, niliuona ule mbandiko wa kurasa na wembe wa Baba. Safari iliyofuata nilitafuta nakala mpaka nikaipata.

Nilikisoma ndani ya boti, kamusi pembeni. Shuleni hakuna mtoto anayejibu. Kijana anarudia swali, wao kimya. Baadaye nilikuja kujua kwamba katika toleo la kwanza somo lilikuwa kuhusu “nchi yenu, Ubelgiji”, na hesabu iliingizwa mwaka 1946 kitabu kilipochorwa upya kwa rangi. Kwenye treni hakuna dereva anayehoji. Watu wanaongea Kifaransa kilichovunjwavunjwa, ambacho sijawahi kukisikia kwa Mkongo yeyote, na mbwa, mbwa kabisa, anawaita wavivu na kuwahimiza wafanye kazi.

Mwalimu alikuwa ameyajua yote hayo alipokuwa akichungulia kutoka juu. Usiku ule, mbele ya wanawe waliolala boti mbili tatu wakikimbia risasi, alikuwa akiwatungia watu wake maneno, picha moja hadi nyingine, bila kukwama.

Nikamtafuta karani. Yupo, na tai yake na kofia yake. Analalamika kwamba atachafuka. Nilimtazama sana mikono, nikainua kitabu kwenye mwanga wa dirisha, kwa sababu miaka yote kumi na sita ningeweza kuapa kwamba ameshika kalamu.