Pima Maji

Mwaka 2015 kampuni zilizokuwa zikitafuta gesi baharini zilipopunguza kazi, nami nikapunguzwa. Nilikuwa fundi sanifu wa majengo kwenye yadi moja karibu na bandari ya Mtwara, na katika vitu nilivyoondoka navyo ilikuwemo pima maji ya futi mbili, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, zawadi ya msimamizi wangu, Mskoti mmoja mnene asiyevumilia jua. Wazo lenyewe lilitoka kwake. Aliniambia kwamba kwao Uskoti, tangu 2008, anayetaka kuuza nyumba hugharimia kwanza ripoti ya mkaguzi, ndipo aitangaze. Nilicheka. Huku kwetu mnunuzi huupiga ukuta kofi mara mbili, akasema “imara”, akahesabu hela.

Lakini nilipokaa nyumbani bila kazi nikaanza kuona kwamba mji mzima ulikuwa unanisubiri. Gesi ilipovuma, watu walijenga mbio mbio wakisikia wageni wanalipa kodi kwa dola. Tofali limefyatuliwa juzi, leo liko ukutani. Mchanga umechotwa ufukweni, haukuoshwa, na baada ya mwaka ukuta unatoa unga mweupe kama ngozi ya mtoto aliyekaukiwa na maji ya chumvi. Nondo zinapata kutu ndani ya zege, zinavimba, lenta inapasuka kwa urefu. Wageni walipoondoka, nyumba hizo zikaingia sokoni. Mimi nikiziita nyumba za gesi.

Nikakata leseni, nikachapisha kadi: “Ukaguzi wa Nyumba Kabla ya Kununua”. Neno mhandisi sikuthubutu kuliandika, maana sikuwa mmoja wao. Bei, shilingi 50,000. Mwaka mzima nilipata wateja wanne, na wawili kati yao walikuwa ndugu, hawakulipa. Madalali ndio hasa hawakunitaka. Dalali anakula nyumba ikiuzwa, mimi nakula hata isipouzwa, tungependana vipi? Kwenye baraza la kahawa kule Magomeni mtu aliniuliza mbele ya watu, “Yaani wewe unalipwa kwa kutazama?” Kabla sijajibu, mtani wangu akadakia, “Mbona mganga naye analipwa kwa kutazama?” Kicheko kikapasuka, na tangu siku ile nikawa mganga wa nyumba.

Ikaja korosho ya 2016. Bei mnadani ilikaribia shilingi 4,000 kwa kilo, na wakulima wa Tandahimba na Newala wakashuka mjini kutafuta nyumba za watoto wao wanaosoma, au za kupangisha. Jambo hili nilipaswa kulijua, nimezaliwa huku: hela ya korosho huingia kuanzia Oktoba, na mvua zetu husubiri mpaka Novemba kuisha, pengine Desemba. Kwa hiyo Kusini watu wananunua nyumba ardhi ikiwa kavu kama ubao.

Mteja wangu alikuwa mzee wa Tandahimba, mrefu, mpole, aliyekuja na mkewe. Nyumba ilikuwa bondeni. Mtaa siutaji kwa sababu wenyewe bado wanaishi pale. Vyumba vitatu, bati jipya, na rangi mpya: juu krimu, chini rangi ya mafuta ya kahawia iliyopanda mpaka kiunoni, kama wengi wanavyopenda ili ukuta usichafuke.

Nilikaa mle ndani saa mbili na nusu. Nilipanda darini na tochi nikachoma mbao za kenchi kwa bisibisi kutafuta mchwa. Niligonga vigae kimoja kimoja nikisikiliza kinacholia utupu. Nilifungua boksi la umeme, nikakuta waya wa athi umekatiwa nyuma ya ukuta, haukufika ardhini, na hapo nikajiona mkubwa kweli, maana yule mzee alitumia habari hiyo kumshusha muuzaji laki tano. Nilipima shimo la choo. Mwisho nikalaza pima maji yangu sakafuni, sebuleni, nikawaita waone.

Mama akainama. “Hicho kidude ndiyo nini, mwanangu?”

“Pima maji, mama.”

“Ahaa. Na mvua ikinyesha, maji ya hapa uani yanakwenda wapi?”

Nikamwonyesha kiputo kilivyotulia katikati ya mistari. “Sakafu iko sawa kabisa mama, ondoa wasiwasi.”

Hakunijibu. Alitoka nje, akasimama uani, akaangalia upande wa barabara, kisha upande wa jirani. Mimi nilikuwa naandika ripoti. Mwanamke aliyekulia juu kule Makondeni, ambako visima viko mabondeni na tone la mvua kutoka batini hukingwa kama mali, ameniuliza habari za maji, nami namwonyesha kiputo! Kwenye ripoti, kifungu cha kuta, niliandika: “Rangi: nzuri sana.”

Simu ilinifikia Januari, saa nne usiku, mvua ikiwa imeanza tangu alasiri. Mzee hakupandisha sauti. “Fundi,” alisema, “nyumba yako imejaa maji.”

Yako. Neno hilo lilinichoma kuliko tusi.

Bodaboda alinishusha juu barabarani, akakataa kuteremka. Nilikunja suruali nikaenda kwa miguu. Ndani maji yalifika chini kidogo ya magoti, ndoo na kandambili zinaelea, na mama amekaa juu ya kitanda na wajukuu wawili, kanga begani, kama abiria ndani ya mtumbwi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kidude umekuja nacho?”

Sikuwa nacho. Nilichukua sufuria nikaanza kuchota pamoja na mzee, kazi ya kijinga, maana yaliyotoka mlangoni yalirudi kwa mlango ule ule. Jirani akaja na majembe mawili. Nilimwuliza kama hali hii ni ya kawaida. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Kila mwaka. Mwaka huu nafuu.” Akamulika ukuta wake mwenyewe, na hapo nikauona mstari wa tope la zamani, umenyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuuchora, kimo cha paja. Ukuta wa mteja wangu ulikuwa na mstari huo huo. Ulikuwa chini ya ile rangi ya kahawia.

“Mbona hukuniambia siku ile?” nikamwuliza.

“Hukuniuliza. Ulipita hapa na ngazi yako, hata hodi hukupiga.”

Tulichimba mfereji kukata kona ya uani mpaka kwenye mtaro wa barabara. Adhana ya alfajiri ilitukuta tumelowa, maji ndani yamebaki ya kufuta kwa gunia. Nikatoa shilingi 50,000 nikampa mzee kwa mikono miwili. Alizihesabu polepole, akabaki na 30,000, akanirudishia 20,000. “Hii ya umeme,” alisema. “Umeme ulisema kweli.”

Nilirudi nyumbani nikijua biashara imekwisha. Mama yule alikuwa mwanachama wa kikoba, na msibani hakosi. Nilisikia kisa changu kikisimuliwa mpaka Mikindani, tena na vidude vilivyoongezwa. Mtani wangu wa Magomeni alinisalimia wiki nzima kwa kuniuliza kama nimekuja na mtumbwi.

Mwezi wa Februari nilikwenda kule bondeni mara tatu, bila malipo, kusimamia fundi akiinua kizingiti na kujengea ule mfereji kwa matofali. Mara ya tatu mama alinipa ugali wa muhogo na samaki, akanisikiliza nikimweleza mteremko wa mfereji, akasahihisha sehemu moja. Alikuwa sahihi.

Simu ya kwanza baada ya hapo ilitoka Newala, sauti ya mwanamke nisiyemjua.

“Wewe ndiye yule fundi aliyechota maji usiku?”

Nikakiri kuwa ndiye.

“Kuna nyumba nimeonyeshwa Chuno. Nataka uje uitazame. Lakini usije leo, leo jua. Nitakupigia mvua ikinyesha.”