Drili ya sumaku, LUKU, na ile cheni ambayo kila mtu anaitupa

Cheni ya usalama ya drili ya sumaku, ile ya kuifungia mashine isidondoke, huwa haimalizi wiki ya kwanza. Boksi likifunguliwa kila mtu anakimbilia mashine na zile kata zake zinazong'aa, cheni inabaki chini kabisa pamoja na kitabu cha maelekezo ambacho hakuna anayekisoma, baada ya siku chache unaikuta imefungia geti la stoo. Mi mwenyewe ya kwanza niliyokabidhiwa niliifanya ya kufungia pikipiki, nikajiona mjanja kabisa.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, hii ni drili iliyosimama juu ya kitako chenye sumaku ya umeme. Unaiweka juu ya bimu au nguzo, unawasha swichi ya sumaku, inang'ang'ania chuma, halafu unawasha mota na kushusha kata kwa kuzungusha mikono ya pembeni. Kata yenyewe sio kama biti ya kawaida, ni kama kikombe chenye meno mdomoni, inakata duara tu na kuacha katikati, ndo maana tundu la milimita 22 la bolti ya M20 ambalo kwa biti ya kawaida lingekutoa jasho hapa unalimaliza kabla hujahema. Nilijifunza kazi mtaa wa Gerezani, Dar, kwenye vibanda vya vyuma enzi tunatoboa kila kitu kwa drili ya mkono watu wawili wameikumbatia, kwa hiyo siku ya kwanza kuona hii kitu inafanya kazi nikasema basi, tumefika.

Sa kilichotokea ni hivi. Tulikuwa tunasimamisha fremu ya godauni maeneo ya Kibaha, umeme tunavuta kutoka kwenye mita ya LUKU ya nyumba iliyo pale pale kwenye kiwanja. Mwenzangu yupo juu ya jukwaa kama mita tatu hivi, ameibandika mashine ubavuni mwa nguzo, imelala, anatoboa. Chini yake kuna dogo mmoja kibarua kazi yake kupokea vitu na kupandisha, huwa anakaa juu ya ndoo ya lita 20 aliyoigeuza. Mashine ikanyamaza. Yaani haikupiga kelele yoyote, ilinyamaza tu, na kabla hatujajua kwa nini imenyamaza ikateleza, kata ikavunjikia ndani ya tundu na mzigo wote ukashuka. Mashine ile ina kilo 13 na kitu. Ilipasua ndoo vipande vitatu. Dogo alikuwa ameenda kuchukua chapati.

Foromani akaja anafoka nani kazima swichi, tukaangaliana, hakuna aliyegusa. Tukaenda kwenye mita. Uniti zimeisha.

Cheni? Ilikuwa kwenye gari, imefungia tairi la spea.

Jioni ile nilikaa nikakisoma kile kitabu ukurasa kwa ukurasa, mara ya kwanza maishani. Kimeandika eti funga cheni ya usalama kwa tahadhari endapo umeme utakatika. Endapo! Nikacheka peke yangu. Aliyeandika nadhani kwao umeme kukatika ni kama tetemeko la ardhi, mtu anakuja kuwasimulia wajukuu. Huku kwetu umeme unakatika, uniti zinaisha, mtu anapita na toroli anachomoa plagi, mama ntilie anachomeka heta ya maji breka inadondoka, jenereta inaishiwa petroli, na kila kimoja kati ya hivyo kinaiachia sumaku yako papo hapo. Kwa hiyo mi siku hizi sihesabu kwamba sumaku ndo imeshika mashine. Sumaku inaisaidia isitikisike wakati wa kukata, mwenye kuishika isidondoke ni cheni.

Na kufunga kwenyewe kuna namna yake. Cheni au mkanda unapita kwenye tundu lake la kwenye mashine, unazunguka bimu yote au sehemu ambayo haiwezi kuchomoka, halafu unaukaza mpaka usiwe na ulegevu. Ukiacha ulegevu wa nusu mita maana yake mashine itadondoka nusu mita kwanza ndo ishikwe, hapo tayari imeshakupiga kifuani au imekusukuma nje ya jukwaa. Nimeona watu wanafunga kwa kamba ya manila. Zile nyuzi za chuma zinazotoka kwenye kata zina moto na zina makali, kamba ya plastiki zinaikata bila hata wewe kusikia.

Kuhusu sumaku yenyewe wakuu kuna vitu vinachanganya watu. Unasoma kwenye boksi inashika kilo elfu moja na zaidi, unajiambia kilo 13 zitaitoa wapi. Kumbe ile namba imepimwa kwenye pleti nene, safi, imesuguliwa, na wameipima kwa kuivuta kwenda juu moja kwa moja. Kuteleza ni habari nyingine kabisa. Chukua sumaku ya kwenye friji ujaribu kuing'oa, halafu ujaribu kuisukuma pembeni, utaona ipi inakushinda. Sasa ubavuni mwa nguzo mashine haing'oki, inateleza, na kinachoizuia isiteleze ni msuguano tu, ambao ni sehemu ndogo ya ile namba waliyokuandikia. Ongeza rangi, ongeza kutu, ongeza chenga moja tu ya chuma iliyobaki kutoka kwenye tundu lililopita ikakaa chini ya kitako, nguvu inashuka vibaya sana. Kwa hiyo brashi ya waya na kitambaa kila unapohama tundu, juu ya chuma na chini ya kitako vilevile, na kama kuna rangi nzito pita na grenda kwanza. Mafundi wengi wanasafisha chuma wanasahau kitako, sijui kwa nini.

Halafu sumaku inataka nyama. Pleti ya milimita 6 haina nyama ya kutosha, nguvu inapita inapotelea upande wa pili. Ukishuka chini ya milimita 10 au 12 hivi anza kuwa na wasiwasi, weka kipande cha pleti nene upande wa pili wa ile nyembamba, chini ya pale kitako kinapokaa, ndo uwashe. Na kuna fundi mmoja alikuja na kazi ya reli za ngazi za steinilesi, zile za 304, akashangaa mashine haishiki akasema mbovu irudishwe dukani. Sio mbovu bana, ile steinilesi haishikwi na sumaku, wala aluminiamu. Kwa hizo lazima uwe na namna nyingine ya kuibana mashine au urudi kwenye drili ya mezani.

Umeme mdogo nao unaua sumaku taratibu. Waya wa ekstensheni mwembamba wa mita 50 uliozungushiwa kwenye roli, au jenereta kadogo kanakohema, mota inazunguka vizuri tu lakini sumaku inashika nusu nusu. Mashine zingine zina taa inayokuonyesha sumaku imeshika au la, yangu haina, kwa hiyo kabla sijawasha mota naisukuma kwa nguvu kwa mkono, cheni ikiwa imeshafungwa tayari. Ikicheza hata kidogo nazima naanza upya.

Na hili la kuchomelea naomba mlisikie maana nimeliona saiti tatu tofauti. Unatoboa upande huu wa bimu, mwenzako anachomelea upande ule wa bimu hiyohiyo, klampu yake ya athi haijashika vizuri. Umeme wa kuchomelea unatafuta njia ya kurudi na njia anayoiona ni mashine yako na waya wake wa athi. Ukiwa na bahati unaunguza vifaa vya ndani vya mashine. Mwambie asubiri, dakika tano haziui mtu.

Glavu sasa. Hapa ndo nagombana na watu wa usalama wanaokuja na fomu ya kutiki, wanataka kila mtu saiti nzima avae glavu. Kubeba bimu, vaa. Kubadilisha kata, vaa, ile kitu ni wembe. Lakini mota ikishawashwa glavu zinavuliwa. Kidole changu cha shahada cha kulia hakikunji mpaka mwisho, nikishika kikombe cha chai watu wanadhani naringa. Nilikuwa na glavu za kitambaa, uzi mrefu wa chuma umejizungusha kwenye kata, nikasema ngoja niuondoe harakaharaka bila kuzima, si sekunde tu. Uzi ukadaka glavu, glavu ikadaka kidole, kidole ndo mimi mwenyewe. Mkono mtupu labda ningechanika tu, glavu haikuniachia. Sasa hivi nazima, nasubiri isimame kabisa, naondoa nyuzi kwa koleo au ndoano ya waya. Mikono mirefu ya shati nakunja, lanyadi ya kitambulisho navua, miwani sivui.

Kuna kidonge pia. Kata ikimaliza inakitema kile kipande cha katikati, sisi tunakiita kidonge, kina moto na kina ncha, kinatoka ghafla. Ukiwa juu kinaenda kumpata aliye chini, kwa hiyo kule chini funga utepe, mtu asipite wala asiweke ndoo yake akakaa.

Spidi sitaongea sana. Kata ya 22 kwenye chuma laini mi naiweka kama mizunguko 400 kwa dakika, kata kubwa zaidi unapunguza. Anza polepole mpaka ichimbe mfereji wake, halafu sukuma kwa mkandamizo uleule mpaka itoke, usifanye ile ya kuchomoachomoa kama biti ya kawaida, meno yanakatika. Zile skrubu mbili zinazobana kata hakikisha zimekaa kwenye sehemu bapa za shina ndo uzikaze kwa alenki. Kulanti, yale maji ya kupoza kata, ile ya kwenye chupa inashuka kwa uzito wake, kwa hiyo ni ya kutoboa kwenda chini tu. Ukitoboa kwenda juu inarudi ndani ya mota na wewe umeshika mashine, tumia ya kupaka, ile nzito kama grisi.

Juzi tulikuwa na kazi ya jukwaa la tenki la maji, niko na dogo yuleyule wa chapati, siku hizi ni fundi kamili ana ndevu. Yeye ndo anatoboa, cheni imekazwa mpaka inalia. Katikati ya tundu la nne umeme ukakata mtaa mzima. Mashine ikacheza kidogo tu ikakaa, kata ikiwa bado imeng'ata ndani ya tundu. Dogo akanigeukia anacheka, anasema bro umeona, na mkono unaenda kuishika aichomoe. Nikamwambia acha kwanza, zima swichi ya mota, zima ya sumaku, chomoa na plagi, umeme ukirudi sasa hivi mkono wako uko wapi. Akazima. Tukashuka kunywa chai.