Leja ya zamani, wanga wa muhogo na kabati lililogoma kufunguka

Mama yangu alikuwa anakaribia kutimiza miaka 80, na picha zake zote, kuanzia ya harusi yake hadi za wajukuu, zilikuwa zimerundikwa ndani ya kopo la biskuti lililokwisha kupata kutu. Kaka zangu walipendekeza tununue albamu ya dukani, ile yenye kurasa za kunata na plastiki juu yake, nami nikakataa katakata, kwa sababu albamu ya aina hiyo ndiyo iliyotuharibia picha za marehemu baba: gundi yake iligeuka manjano, na tulipojaribu kuzibandua, uso wa picha ulibaki kwenye plastiki, sisi tukabaki na karatasi nyeupe mikononi. Nikatangaza kwamba nitaitengeneza mwenyewe, kwa mabaki yaliyomo humu nyumbani, bila kununua karatasi hata moja. Niliyasema hayo mbele ya ukoo mzima, siku ya Idi, baada ya kushiba biriani, kwa hiyo sikuweza tena kuyameza maneno yangu.

Katika miaka yangu ya ukarani wa hesabu niliokoa kitu kimoja tu cha thamani, nacho ni leja tupu. Ofisi ilipohamia kwenye kompyuta, leja ambazo hazijaandikwa zilitolewa nje zikachomwe moto, nami nikaomba moja nikaenda nayo nyumbani kwenye kapu la sokoni. Karatasi zake ni nzito, zina mistari myekundu na ya bluu, na jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba zimeshonwa kwa uzi, hazikubandikwa mgongoni kwa gundi peke yake. Mtu akitaka kuifanya kazi hii akiwa na kitabu chochote, akifungue katikati ya fungu la kurasa atazame kama uzi unaonekana. Asipouona, kitabu hicho kitamwaga karatasi zake kabla hajafika nusu.

Pamoja na leja nilikuwa na sanduku la vitabu chakavu: kamusi iliyoliwa na mchwa upande mmoja, atlasi ya shule ambayo ndani yake Kongo bado inaitwa Zaire, kitabu cha mapishi kisicho na jalada, na vitabu kadhaa vya kisomo cha watu wazima. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa pia na juzuu mbili, ambazo nilizitoa kwanza nikazihifadhi juu ya rafu, maana hazihesabiwi kuwa chakavu hata zikibaki ukurasa mmoja. Wengine waliniambia kwamba kukata kitabu chochote ni dhambi. Niliwauliza: mchwa waliokula kamusi yangu walipewa ruhusa na nani?

Sasa nieleze aibu yangu. Nina mpwa, binti mchangamfu sana, ambaye hujifunza mambo ya mikono kwenye simu yake kutoka kwa watu wanaoishi katika nchi za hewa kavu. Aliniambia, «Shangazi, usihangaike, chemsha unga wa ngano na maji, tia na vijiko viwili vya sukari ili gundi ishike na ing'ae.» Nilimwamini kwa sababu alizungumza kwa uhakika, na kwa sababu nilikuwa na ngano na sukari jikoni. Ilikuwa Aprili, masika yamepamba moto, na yeyote aliyewahi kuishi Tanga wakati wa masika anajua kwamba hata chumvi mezani hugeuka maji. Nilibandika kurasa kumi na nne kwa siku mbili, nikaweka vipande vya vitenge, vifungo, stempu za posta na picha ya rangi ya bandari niliyoikata kwenye kalenda, nikaifunga leja kwa fahari na kuiweka juu ya kabati la vyombo.

Siku ya tatu niliona mstari mwembamba mweusi ukipanda ukutani. Sisimizi walikuwa wamekwisha kupata habari. Waliingia kwenye leja upande wa mgongo na kutokea upande wa pili, kwa nidhamu ambayo sikuwahi kuiona kwenye foleni yoyote ya ofisi yetu, na kila mmoja alibeba punje yake. Niliwafukuza kwa mafuta ya taa, jambo ambalo liliacha duara la mafuta kwenye kurasa tisa. Wiki iliyofuata koga ikaota, kwanza madoa meupe kama pamba, kisha ya kijani, kisha meusi, na harufu yake ikawa ya unga uliolala majini. Usiku mmoja niliwasha taa nikamkuta mende ameketi juu ya bandari ya Tanga, anatafuna. Hata kama wadudu wangeniacha, kitabu chenyewe kilikwisha kukosewa, kwa kuwa nilibandika vitu bila kupunguza karatasi, na mbele kikawa kinene mara tatu ya mgongo wake, kimeachama kama kiboko anayepiga miayo. Mpwa wangu alipoletewa habari alisema labda sukari ilikuwa nyingi.

Nilikata kurasa zote kumi na nne nikazitupa, nikaacha kazi hadi mvua ziishe.

Jibu la gundi lilikuwa kwa mama mwenyewe, ambaye ndiye hasa sikutaka ajue. Tulipokuwa wadogo alikuwa akizitia wanga kanzu za baba hadi zinasimama zenyewe, na wanga ule haukuwa wa dukani. Nilimwendea jioni moja, nikamwamkia, nikazunguka kwenye habari za mvua na bei ya nazi, kisha nikamwuliza wanga wa zamani waliutengenezaje. Alinieleza kwa kirefu, halafu akanitazama kwa huruma akasema, «Mwanangu, kwani kanzu za mumeo unazifanya nini siku hizi?» Nikakubali lawama hiyo kimya kimya.

Muhogo humenywa, hukunwa kwenye mbuzi au kwenye kikwaruzo cha karoti, huchanganywa na maji na kukamuliwa kwenye kifumbu kama tui. Maji yale meupe huachwa yatulie, na baada ya saa chache wanga huwa umekaa chini, mweupe na mgumu kama chokaa. Maji ya juu humwagwa, mengine safi huongezwa, hutulizwa tena, na mimi nilifanya hivyo mara tatu. Tofauti yake na unga wa ngano ni kwamba ngano ina ile sehemu inayovutika kama mpira unapokanda chapati, na hiyo ndiyo huoza upesi na kualika koga. Wanga uliooshwa umeachana na mengi ya hayo. Kijiko kimoja cha wanga kwa vijiko vitano au sita vya maji, huku unakoroga motoni bila kupumzika, hadi weupe uondoke na uji uwe kama kioo chenye ukungu. Upoe, uupitishe kwenye chujio la chai, kisha utie mafuta ya karafuu. Mimi nilikuwa na kichupa nilicholetewa kutoka Pemba, ambako pale Wawi karibu na Chake Chake hutoa mafuta kutoka kwenye makonyo ya karafuu, na matone manne au matano yalitosha bakuli zima. Tangu siku hiyo sijaona koga, na sisimizi wakifika hugeuza njia. Kinyozi wa mtaani alinishauri nitie shabu badala yake, na ni kweli shabu huzuia kuoza, lakini ina ukali wa tindikali ambao baada ya miaka huifanya karatasi ivunjike kama kaukau, kwa hiyo nilimshukuru tu.

Hesabu ya kurasa niliifanya kikarani. Nilibakiwa na karatasi 96 nzima. Katika kila tatu nilikata moja, nikiacha kisiki cha upana wa kidole karibu na mgongo, kwa sababu karatasi zilizoshonwa ni pacha, na ukiikata moja hadi kwenye uzi, mwenzake wa upande wa pili wa mshono naye huchomoka. Zilibaki 64, ambazo nilizibandika mbilimbili zikawa kurasa nene 32, na visiki vile vikashikilia nafasi ya unene utakaoongezwa na mapambo. Kila jozi niliipaka wanga mwembamba, nikaisugua kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje, nikaweka vipande vya mfuko wa plastiki kati yake na jirani zake, nikaifunga leja, nikaweka kibao cha chapati juu na tofali juu ya kibao. Jozi nne kwa siku, si zaidi. Siku nilipojaribu nane, kurasa zilikauka zimejikunja kama majani ya mgomba.

Lakini jambo ninalojivunia kuliko yote ni kanga. Mama alikuwa na kanga moja kuukuu iliyochanika, na nilitaka iwe nguo ya jalada. Ukipaka gundi moja kwa moja kwenye kanga, hupenya na kutokeza mbele, ikaacha mabaka. Dawa yake ni kuipa kanga mgongo wa karatasi kwanza. Kama kanga ni mpya, ifue hadi dondo liishe na ijulikane kama inachuja rangi; yangu ilikuwa imefuliwa miaka arobaini, haikuwa na kitu cha kuchuja tena. Niliilowanisha, nikailaza kifudifudi, nikachukua karatasi nyembamba zinazofungia viatu vipya, nikazipaka wanga na kuzilaza juu ya kanga, nikazipiga kwa brashi ya nguo. Kisha kitu chote, kikiwa bado kibichi, kinatakiwa kibandikwe kwa kingo zake tu juu ya ubao laini, ili kikikauka kijivute chenyewe na kunyooka kama ngozi ya ngoma.

Ubao laini wa upana huo ndani ya nyumba yetu ni milango ya kabati la nguo. Nikaibandika pale, kanga imelala juu ya milango yote miwili, usiku wa Alhamisi, nikaenda kulala nikiwa nimejaa furaha. Asubuhi nilikuwa sokoni. Niliporudi nilimkuta mume wangu amesimama mbele ya kabati, kavaa kikoi na fulana, mikono nyuma, akiitazama kanga ya mama mkwe wake iliyofunga milango miwili ya kabati lenye kanzu zake zote, na adhana ya Ijumaa imekwisha kuadhiniwa. Nilimwomba asubiri saa mbili tu ikauke. Alikwenda msikitini na kanzu ya jirani, iliyomfika juu kidogo ya shavu la mguu. Lakini jioni, nilipopitisha kisu chini ya kingo, kanga ilibanduka yote kwa mkupuo mmoja, imenyooka, haina hata kunyanzi, unaigonga kwa kidole inalia. Nilimwita aje aone, na hakuja.

Mapambo yaliyobaki yalikuwa mchezo. Kurasa za atlasi nilizikunja zikawa bahasha za kuwekea picha za asili, na nje nikaweka nakala nilizotolewa kwenye duka la vifaa vya ofisi kwa mia chache kila moja. Nakala hizo nazo sikuzibandika. Nilizichomeka kwenye pembe nne ndogo za karatasi ya kaki, ili siku mtu akitaka kuitoa picha asiichane. Kutoka kwenye kamusi nilikata maneno, neno moja kwa kila mjukuu, na hapo palizuka ugomvi ambao haujaisha, kwa sababu aliyepewa «kidomo» anadai nilikusudia. Manjano ya jikoni yaliyokorogwa kwenye maji yalinipa rangi ya njano, na juu yake, nilipochora kwa brashi iliyochovywa kwenye maji ya magadi, mistari ikageuka myekundu ya kutu papo hapo, jambo ambalo wajukuu walidhani ni uchawi. Rangi hiyo jua huila upesi, ila ndani ya kitabu kilichofungwa hukaa. Asumini nilizokausha zilinivunja moyo: ziligeuka za kahawia na kuacha doa kama la chai, nikaweka maua ya boganvilia badala yake, ambayo yakibanwa hubaki na rangi yake. Kwenye ile kanga, katika jina lake, maneno yaliyobaki salama yalikuwa mawili tu, MAMA NI, mengine yaliliwa na mipasuko. Niliyabandika ukurasa wa kwanza, nikaacha nafasi iliyofuata tupu.

Gharama siwezi kuitaja kwa uhakika. Muhogo, uzi wa fundi viatu wa kuimarishia mgongo, nakala za picha na soda ya kumtuliza mume wangu, nadhani haikufika elfu ishirini.

Siku yenyewe tulikusanyika ukumbini, kaka zangu wakiwa mstari wa mbele kuona nitakavyofedheheka. Mama aliipokea albamu kwa mikono miwili, akapapasa kanga akaitambua, lakini hakuifungua. Aliisogeza puani, akavuta pumzi, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

«Nani humu ndani anaumwa jino?»