Vidonge ndani ya soksi
Nilikuwa nafua, nikavikuta vidonge ndani ya soksi ya mwanangu wa miaka 16. Nikamvaa usiku uleule, naye bado amelewa. Kosa hilo. Tuliishia kupigiana kelele.

Mshauri wa uraibu akaniambia ningoje dawa zimtoke kichwani, kisha niulize badala ya kushtaki: "Vinakusaidia nini?" Nikafanya hivyo. Mwanangu akajibu, huku akichezea zipu ya koti, "Nalala." Kumbe miezi yote hiyo hapati usingizi, mimi nikidhani ni jeuri tu!

Sasa anatibiwa, nami nahudhuria vikao vya wazazi. Dawa zote za nyumbani nimezifungia. Naloksoni, ya kumzindua aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni, iko karibu. Wiki iliyopita aliteleza tena. Safari hii alikuja kuniambia mwenyewe.