Vidoa Viwili Kwenye Kioo

Jamani, nipo hapa nje ya wodi, mikono bado inatetemeka.

Mwanangu tangu azaliwe akinyonya anageuka bluu midomoni, akilia rangi inarudi. Eti kulia ndiyo nafuu! Huku Mbagala tulipewa matone ya mafua. Jirani akasema kijicho.

Kumbe pua imeziba kwa nyuma kwa mfupa, pande zote mbili, tangu tumboni. Na kichanga hutegemea pua kupumua. Daktari alipitisha mpira mwembamba puani, ukagota. Upande wa pili, ukagota.

Leo wamemtoboa kwa kupitia puani humohumo, na kamera ndogo. Wameacha vipira viwili njia isizibe tena.

Nesi akaniomba kioo changu cha poda. Akakiweka chini ya pua.

Vidoa viwili vya mvuke.

Vikafutika. Vikarudi.

Mama mkwe alikaa chini sakafuni, na kanga yake mpya ya Kariakoo. Mimi nimekataa kukifuta kile kioo.

Mliolea mtoto mwenye vipira puani, usiku mlikuwa mnavisafishaje visizibe? Niambieni, nawasoma wote.