Koki ya tangi iliyoganda: jinsi nilivyoibadilisha

Koki ya geti ya robo tatu inchi chini ya tangi la lita 1,000, nyumba ya Raskazone, Tanga, ilikuwa haizunguki kabisa. Karibu na bahari hili ni la kawaida: chumvi ya upepo hula nje, ukoko wa chokaa hujenga ndani.

Kosa kubwa ni kuilazimisha kwa spana. Shina lake ni jembamba. Likikatika, kabari, yaani kibamba cha ndani kinachozuia maji, hubaki ilipo na huwezi tena kufunga wala kufungua.

Nilifunga maji yanayoingia, nikayanyonya yaliyomo kwa mpira kupitia mfunikoni. Nipo ya chuma, kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi kinachounganisha koki na tangi, niliipulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikaiacha usiku kucha. Moto usiutumie hapo, tangi ni plastiki.

Kufungua kunataka spana mbili: moja ishike nati ya tangi isizunguke, nyingine ilegeze koki. Nati ikizunguka, washa ya mpira huchanika na tangi huvuja, nayo ni kazi nzito kuliko ya kwanza.

Nilitupa nipo pia, kwa kuwa chuma kikigusana na shaba majini huliwa upesi. Nikaweka ya shaba, boli vali (koki yenye tufe lenye tundu ndani), na yunioni (kiungio kinachofunguka) mbele yake ili siku nyingine isikatwe bomba. Tredi tepu, utepe mweupe wa kuziba nyuzi, mizunguko 10 hadi 12, kufuata upande wa kukazia. Ikizungushwa kinyume hujikunja na kutoka.

Boli vali ifungwe na kufunguliwa kila mwezi.